Kijidudu kinachowaka gizani

Mtu wa Rondo akikohoa wiki mbili mfululizo, majirani watasema ni vumbi au baridi ya mlimani. Wasomaji wapendwa, sisi tunamwomba ashuke Nyangao, au aende kituo chochote chenye maabara, akapimwe makohozi. Si mate: ni makohozi yenyewe kutoka kifuani, na ya asubuhi ni bora zaidi.

Huko makohozi hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, kwani kijidudu cha kifua kikuu hakionekani vizuri bila rangi. Mojawapo ni auramini. Hushika katika nta ya ganda la kijidudu, na hata kikioshwa kwa asidi haitoki. Kioo kikiangazwa kwa mwanga wa buluu, kijidudu huwaka manjano na pande zote ni giza, kama kimulimuli usiku. Mpimaji hukiona upesi. Zamani taa za darubini hizo zilikuwa za zebaki, tena ghali. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza taa ndogo za LED, zisizokula umeme mwingi.

Lakini auramini huwasha hata kijidudu kilichokufa. Ndiyo maana wataalamu wakatumia rangi ya namna nyingine, fluoreseini diasetati. Hiyo huingia ndani ya kijidudu ikiwa haiwaki kabisa. Kijidudu kikiwa hai, vimeng'enya vyake huikata, na kipande kinachopatikana ndicho huwaka kijani. Kilichokufa hakiwezi kukata kitu. Rangi hii hutumika zaidi katika utafiti, lakini inatufundisha kwamba kuonekana ni jambo moja na kuwa hai ni jingine.

Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Darubini huhitaji maelfu ya vijidudu katika kila mililita ya makohozi ndipo ivione. Mgonjwa aliyeanza dawa hurudisha makohozi mwisho wa mwezi wa pili; akiambiwa havionekani, homa imekwisha, na korosho zinaanguka shambani, huacha dawa. Wachache waliobaki hai kifuani huongezeka tena, na safari hii huenda dawa zilezile zisiwaweze.

Dawa ni bure, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Wanaoishi na mgonjwa nyumba moja, hasa watoto wa chini ya miaka 5, nao wapelekwe kuchunguzwa hata kama hawakohoi.