Neno la Kizungu, mjengo wa Kiswahili: Sarufi unayoijua bila kufunzwa

PITA Upper Hill saa saba mchana, wakati wafanyakazi wanamiminika kutoka maofisini kusaka chakula, kisha utege sikio. Hutakosa sentensi kama hii: “Bosi alinifowadia ile imeili jana, lakini sijairiplai.”

Mwalimu wa Kiswahili akisikia hayo atashika kichwa. Wengi wetu tumeambiwa tangu shule ya msingi kwamba maongezi ya aina hii hayana sarufi, na kwamba kijana wa Nairobi hajui Kiswahili wala Kiingereza. Ukiyaamini hayo, unaingia kwenye mtihani au intavyuu ukiwa umeshajidharau.

Hebu tuikague sentensi yenyewe.

“Alinifowadia” ina vipande sita: a- ya mtendaji, -li- ya wakati uliopita, -ni- ya mtendewa, mzizi -fowad-, -i- ya kauli ya kutendea, na -a ya mwisho. Kati ya hivyo sita, cha Kiingereza ni kimoja tu. Tena havipangwi ovyo. Hakuna msee anayesema “nialifowadia”.

Sasa tazama “sijairiplai”. Ile -i- kabla ya mzizi inarejelea imeili. Nani aliamua kwamba imeili iingie ngeli ya I-ZI? Hakuna kamati iliyokaa. Wasemaji walilipokea neno geni wakalipa ngeli papo hapo.

Mwanaisimu Mmarekani Carol Myers-Scotton aliyachunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, na mwaka 1993 akachapisha kitabu kuhusu uchanganyaji ndimi. Hoja yake ni kwamba lugha mbili zikichanganywa, huwa hazina nguvu sawa. Moja hutoa fremu, yaani mpangilio na viambishi. Nyingine huleta maneno ya kujaza humo. Katika sentensi yetu, fremu ni ya Kiswahili.

Ichukulie kama mjengo. Mawe yanaweza kutoka popote, lakini ramani ya jumba ni moja. Stoo ya mawe ndiyo wanaisimu huita leksikoni, hazina ya maneno kichwani mwako. Ramani ni sintaksia, kanuni za kuunda sentensi.

Shida ni kwamba mpaka kati ya stoo na ramani si rahisi kuuchora, na lugha zetu za Kibantu zimewapa wataalamu kazi kubwa. Chukua hiyo -i- ya kutendea, inayogeuza “pika” kuwa “pikia”. Je, “pikia” hutoka stoo ikiwa tayari, au huundwa sentensi inapojengwa?

Mwaka 1988, Mark Baker alitumia mifano ya Kichewa cha Malawi kutetea sintaksia. Kwake, kiambishi hicho ni kama kihusishi kilichohama na kujiunga na kitenzi ndani ya sentensi. Mwaka 1990, Joan Bresnan na Mtanzania Lioba Moshi walichunguza Kichaga cha Kilimanjaro na kushika njia nyingine: kitenzi huamua kikiwa bado kwenye leksikoni kitabeba washiriki wangapi na wa namna gani. Kwa lugha ya mjengo, jiwe hufika likiwa limeshachongwa.

Kuna jaribio unaloweza kufanya mwenyewe. Katika Kiswahili tunasema “Mtoto alipikiwa chakula”. Hatusemi “Chakula kilipikiwa mtoto”. Kichaga, kama Bresnan na Moshi walivyoonyesha, huruhusu zote mbili. Haya, rudi kwa imeili. “Nilifowadiwa imeili” inakubalika. “Imeili ilifowadiwa mimi” inakwaruza sikio. Mzizi ni wa Kizungu, lakini ulipofika hapa ulianza kutii sheria za Kiswahili. Hukufunzwa sheria hiyo, na bado unaifuata.

Kwa hivyo anayedai lugha hii haina sarufi amekosea. Lakini tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna mahali ambapo Kiswahili cha mtaani kimebadilisha ramani yenyewe. Tunasema “hii kitu” badala ya “kitu hiki”, na “vitabu zangu” badala ya “vitabu vyangu”. Hapo hakuna neno la Kiingereza hata moja. Maneno yote ni ya Kiswahili. Kilichobadilika ni upatanisho. Na upatanisho ndio unaokatia wengi alama kwenye karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, katika matumizi ya lugha.

Hii ndiyo faida ya kujua tofauti. Sentensi yako ikikosolewa, jiulize: hapa nimekosa neno au nimekosa mpangilio? Ukiwa umekosa neno, kazi ni ndogo: badilisha “kufowadi” uweke “kutuma”, au “kuriplai” uweke “kujibu”, na viambishi ulivyokuwa navyo vitabaki pale pale. “Alinitumia ile imeili jana, lakini sijaijibu.” Ukiwa umekosa mpangilio, orodha ya misamiati haitakusaidia. Kaa na ngeli, fanya mazoezi ya upatanisho, soma sentensi kwa sauti hadi “vitabu vyangu” izoee ulimi.

Wengi hukariri misamiati usiku kucha kumbe tatizo lao ni ngeli. Wengine hukata tamaa wakidhani hawajui lolote, ilhali wanapanga vipande sita ndani ya kitenzi kimoja kila siku wakiwa kwenye matatu.