Dari za jasi: faida huvunjika kabla ya kufika 'saiti'

MFANYABIASHARA mdogo anayetaka kuweka mtaji wake katika bodi za jasi, ambazo mafundi wa Dar es Salaam huziita 'jipsamu', hana budi kupiga hesabu ya bodi zitakazovunjika kabla ya kupiga hesabu ya zile zitakazouzwa. Wengi hufanya kinyume chake, na ndiyo maana duka hupakua mzigo mpya kila mwezi huku mtaji ukipungua.

Mfano rahisi unatosha. Tuseme mwenye duka amenunua bodi 300 kwa sh. 18,000 kila moja, jumla sh. milioni 5.4, na anauza kwa sh. 20,000. Zikiuzwa zote faida ghafi ni sh. 600,000. Lakini kila bodi moja inayovunjika hula faida ya bodi tisa nzima. Zikivunjika 12 tu, yaani asilimia nne ya mzigo, faida inashuka hadi sh. 360,000. Zikivunjika 30, mfanyabiashara amerudisha fedha yake bila senti ya ziada, na hapo wapagazi, gari na kodi ya stoo bado havijalipwa.

Si ajabu bodi hizi kuvunjika. Bodi ya kawaida ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, na yenye unene wa milimita 12.5 hukaribia uzito wa kilo 25. Ndani ni unga wa jasi ulioganda, nje ni karatasi mbili. Karatasi hizo ndizo zinazobeba nguvu. Zikichanika, kilichobaki ni chaki. Kwa hiyo bodi hubebwa na watu wawili ikiwa imesimama kwa ubavu, na stoo hulazwa juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa karibu karibu, mbali na sakafu yenye unyevu. Anayeziegemeza ukutani hukuta zimepinda, na bodi iliyopinda fundi hainunui.

Utaalamu wenyewe si mpya. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya aina hii mwaka 1894. Jasi ina maji ndani yake, takriban asilimia 21 ya uzito wake. Ikichomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji huganda tena. Ni maji hayo hayo yanayofanya bodi ichelewe kupitisha moto, kwani sharti yatoke kama mvuke kwanza. Tanzania ina jasi yake ardhini, ikiwa ni pamoja na Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida na Kilwa mkoani Lindi, ingawa sehemu kubwa ya mawe hayo hununuliwa na viwanda vya saruji.

Katika nyumba, kazi huanza kwa kutafuta usawa. Fundi hutumia mpira mwembamba uliojazwa maji, au siku hizi mashine ya mwanga, kuweka alama pande zote za chumba. Kisha hupigwa 'blandaringi', yaani fremu ya mbao za mbili kwa mbili au ya chuma chepesi. Chuma ni ghali zaidi lakini mchwa hawakili. Bodi hupandishwa na kukazwa kwa skrubu kati ya 40 na 50 kila moja, vichwa vikizama kidogo bila kutoboa karatasi. Maungio hubandikwa tepu, hupakwa puti mara tatu na kupigwa msasa.

Hapo kwenye puti ndipo fedha za mkandarasi hupotelea. Kila mkono sharti ukauke, na katika mikoa ya Pwani wakati wa masika ukaukaji huchukua muda. Mwenye nyumba anataka kuhamia, fundi anataka malipo, mkono wa pili unapakwa juu ya wa kwanza ulio mbichi. Baada ya miezi michache mistari ya nyufa hujitokeza, na anayeitwa kurudia kazi kwa gharama yake ni mkandarasi. Kosa jingine ni kubana mbao: bodi ya milimita 9 inahitaji fremu ya kila sentimita 40, lakini ikipigwa kila sentimita 60 hulegea na kuning'inia kama tumbo.

Hesabu ya vifaa nayo ina mtego wake. Kazi ya mita za mraba 200 kwa kugawanya tu huonekana kuhitaji bodi 70. Mkandarasi makini huongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya pembeni, na kununua 77. Asiyeongeza atazinunua bodi saba hizo kutoka kwenye ujira wake, maana bei ilikwishakubaliwa.

Kwa ofisi, benki na hospitali soko ni la vigae vya dari vya sentimita 60 kwa 60, vinavyolazwa juu ya fremu nyembamba za chuma. Mita 200 zile zile huchukua vigae 556. Kigae kimoja kikivunjika hasara ni ndogo, na kikilowa kwa kuvuja kwa kiyoyozi hubadilishwa peke yake. Hivyo muuzaji hupata mteja anayerudi, mradi awe na nakshi ile ile stoo. Tatizo ni kwamba wanunuzi wa namna hii hawalipi taslimu.

Mkopo ndio mwamba wa pili. Tukirudi kwa mwenye bodi 300: kama mtaji wake ni wa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na mkandarasi akamlipa baada ya miezi mitatu, riba pekee ni sh. 243,000. Ile faida ya sh. 360,000 imebaki sh. 117,000. Mkandarasi naye huenda si mkorofi. Mwenye jengo amezuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe.

Kwa mwenye mtaji mwembamba kabisa, mlango mwepesi zaidi ni mikanda na maua ya dari. Hiyo hutengenezwa kwa mikono kutokana na unga wa jasi, maji, nyuzi kama za katani na kalibu. Iliyovunjika ni hasara ya unga kidogo, na kazi huuzwa palepale barabarani kwa fedha mkononi. Bidhaa ya kuangaliwa ni dari za plastiki, nyepesi na zisizojali bati linalovuja. Jasi inazishinda kwa moto na kwa umaliziaji usio na mistari, lakini kwa nyumba ya kupangisha mwenye nyumba huuliza bei kwanza.

Anayeagiza mzigo wa kwanza aanze na bodi zisizozidi wateja wa taslimu alio nao, na azihesabu zikiwa bado juu ya gari, kabla ya kutia saini hati ya kupokelea.