Acheni kuuliza kama ni pleibeki

Bendi ya dub, ile reggae inayofinyangwa kwenye mikisa, ikipanda jukwaani, swali ni lile lile: "Hawa wanapiga laivu, au wameweka pleibeki?" Muulizaji kamwona bwana mmoja ameinamia mikisa, hana gitaa wala ngoma, basi keshaamua kwamba kiingilio chake kimeliwa. Mafundi mitambo wamelijibu swali hili mpaka wamechoka, na wana haki ya kuchoka, maana limekosewa tangu mwanzo.

Shaka yenyewe inaeleweka. Afrika Mashariki tumezoea msanii anayefunguliwa wimbo wake wa studio, sauti na yote, akabaki kurukaruka na maiki mkononi. Hiyo ndiyo pleibeki. Wimbo ulishakwisha kabla msanii hajatoka nyumbani, na hakuna mtu ukumbini anayeweza kuubadilisha.

Dub haiko hivyo, na mmoja wa walioianza hakuwa na bendi. King Tubby, jina lake halisi Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa vifaa vya umeme pale Waterhouse, Kingston. Miaka ya 1970 alichukua kanda zilizopigwa na wanamuziki wengine, akazipitisha kwenye mikisa yake. Akawa anamkata mwimbaji katikati ya neno, anaacha besi na ngoma peke yake, kisha analirudisha gitaa kwa pigo moja tu na kulitosa kwenye mwangwi. Kama kanda ingekuwa inaua muziki, dub isingezaliwa.

Zion Train, kundi lililoanza London mwaka 1988, limeipandisha mikisa hiyo jukwaani. Fundi wa kundi hilo, Neil Perch, anasimama nyuma ya mikisa, pembeni wapo wapuliza tarumbeta na tromboni na mwimbaji. Ndiyo, midundo mingi hutoka kwenye mashine! Lakini hutoka ikiwa imetenganishwa, ngoma kwenye chaneli yake na besi kwenye yake, na kipi kisikike huamuliwa na vidole papo hapo.

Vitazameni vidole hivyo. Tromboni inapomaliza, kimoja kinazungusha kitufe cha kupeleka sauti kwenye mwangwi, na noti ya mwisho inarudi mara ya pili, ya tatu, ya sita, kila ikirudi imefifia. Fundi akizidisha sauti inayorudishwa, mwangwi unajilisha wenyewe, unavimba badala ya kufifia. Akichelewa kuushusha, ukumbi mzima unajaa mlio mmoja unaomeza kila chombo. Tena mwangwi lazima uende na mdundo: wimbo ukiwa na mapigo 70 kwa dakika, pigo moja linachukua milisekunde 857. Ngoma za mkono ni kazi ngumu zaidi. Katika kundi la African Head Charge, Bonjo Iyabinghi Noah anazipiga tangu 1981, na mkono wa mtu hauna saa ndani yake. Adrian Sherwood, mshirika wake tangu albamu ya kwanza, akishika mikisa inambidi amfuate kwa sikio. Wimbo wa usiku huu hautarudi vile vile kesho. Sasa nani aseme hapo hakuna anayepiga?

Kwa hiyo, mkienda: simameni karibu na fundi mitambo, kwa sababu sauti inapangwa kwa masikio yake. Besi ikipotea, sogeeni hatua tatu. Sauti inayotetema mara 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, nalo hujazana mahali na kujifuta mahali pengine. Kona ziepukeni, besi hurundikana huko. Vaeni vizibo vya sponji masikioni, maana pamba na tishu hazizuii kitu cha maana. Tokeni nje mara moja moja mpumzishe masikio. Na mwimbaji akinyamaza ghafla katikati ya neno, msimpigie fundi kelele kwamba maiki imekufa. Amemkata makusudi.