Siagi ya bangi: Mainz ni mlo, Kigali ni kifungo

Kigali. Vyakula ambavyo Wajerumani hujiliwaza navyo wakati wa baridi havina mbwembwe. Kuna viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Kuna Käsespätzle, tambi fupi za unga na mayai zinazochanganywa na jibini na kumwagiwa vitunguu vya kukaanga. Kusini magharibi mwa nchi kuna Dampfnudeln, maandazi laini ya mvuke yanayoliwa na supu ya viazi. Karibu vyote vinategemea kitu kimoja: siagi.

Siagi hiyo ndiyo iliyoifungulia bangi mlango wa jikoni. Tangu Aprili 1, 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima kuwa na gramu 25 za bangi anapotembea, gramu 50 nyumbani, na kuotesha miche mitatu kwa matumizi yake. Kemikali kuu inayolevya katika mmea huo, THC, haiyeyuki vizuri kwenye maji bali kwenye mafuta. Kwa hiyo asiyetaka moshi huipitisha kwenye siagi, na siagi ikiingia kwenye viazi au tambi, mlo unabaki na sura ileile ya siku zote.

Kwa msomaji wa Kigali, habari hizi si za mbali. Jimbo la Rheinland-Pfalz, ambalo makao yake makuu ni Mainz, lina ushirikiano na Rwanda tangu 1982. Shule, parokia, halmashauri na vijana wa kujitolea wa pande hizo mbili hutembeleana. Mapishi husafiri na watu, tena siku hizi husafiri kwa simu kabla hata mtu hajakata tiketi. Kinachobaki mpakani ni ruhusa.

Nchini Rwanda, bangi, au urumogi kama inavyojulikana mitaani, imo katika kundi la dawa za kulevya zinazohesabiwa kuwa kali zaidi, kwa mujibu wa agizo la Wizara ya Afya la mwaka 2019. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, katika ibara ya 263, haikuishia kwa mvutaji. Imetaja kula, kunywa, kujidunga, kuvuta na kujipaka. Anayepatikana na hatia ya kutumia hukabiliwa na kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, au kazi za huduma kwa jamii.

Hapo ni kwa mlaji. Mpishi yuko pabaya zaidi. Ibara hiyohiyo inataja anayezalisha, anayebadilisha, anayesafirisha, anayehifadhi, anayempa mwingine au anayeuza. Kwa dawa za kundi hilo kali, adhabu ni kuanzia miaka 20 jela hadi kifungo cha maisha, pamoja na faini ya faranga milioni 20 hadi milioni 30. Kuchemsha bangi kwenye siagi, kuiweka kwenye jokofu na kumkaribisha rafiki sahani ni matendo matatu ambayo kila moja lina neno lake katika orodha hiyo. Kwamba hakuna aliyelipa hata faranga moja hakubadilishi kitu.

Mkanganyiko umeongezwa na habari za kilimo. Oktoba 2020, Baraza la Mawaziri la Rwanda liliidhinisha mwongozo wa kulima, kusindika na kusafirisha nje mimea ya tiba, bangi ikiwemo. Juni 2021 likafuata agizo la Wizara ya Afya lililoweka masharti ya leseni, ulinzi wa mashamba na usimamizi. Wapo waliosikia nusu ya habari na kudhani nchi imelegeza kamba. Tangu siku za mwanzo, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, ilisisitiza kwamba zao hilo ni la kuuzwa nje kwa ajili ya dawa, na kwamba matumizi ndani ya nchi yanabaki marufuku.

Ujerumani, iliyoruhusu madaktari kuandika bangi kama dawa tangu 2017, ni mmoja wa wanunuzi wakubwa zaidi wa bangi ya tiba barani Ulaya. Mkulima wa Afrika Mashariki anaweza kulima kwa leseni zao ambalo jirani yake anafungwa kwa kulitia kwenye viazi. Uganda nayo ina kilimo cha aina hiyo kwa kibali, huku mtumiaji wa mtaani akiendelea kukamatwa. Nchini Kenya na Tanzania bangi bado ni kosa la jinai. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inafungulia watu na bidhaa njia, lakini haimpi msafiri kinga ya kubeba biskuti, peremende wala kopo la siagi yenye THC. Kila mpaka una sheria yake na gereza lake.

Hata Ujerumani hawakuachia kila kitu. Vilabu vya wakulima, vilivyoruhusiwa kuanza Julai 2024, vinaweza kuwapa wanachama bangi ikiwa peke yake tu, iwe maua makavu au hashishi. Kuichanganya na chakula kwa ajili ya kuigawa kumekatazwa. Mgahawa wa Mainz hauwezi kuandika sahani hiyo kwenye orodha yake.

Sababu iko mwilini. Anayevuta husikia kilevi ndani ya dakika chache na anaweza kuacha. Bangi iliyoliwa hupita tumboni kwanza, kisha ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu kubwa zaidi kwenye ubongo. Dalili huchukua nusu saa hadi saa mbili kujitokeza, na zinaweza kudumu saa nyingi. Katikati ya subira hiyo mlaji hujiambia chakula hakina kitu, akaongeza sahani. Mwaka 2014 mwandishi wa gazeti la New York Times, Maureen Dowd, alieleza jinsi alivyomega chokoleti ya bangi mjini Denver, akaona kimya, akamega tena, kisha akalala kitandani kwa saa nane akiwa na hofu kubwa. Baadaye aliambiwa kipande kile kilipaswa kugawanywa mara 16.

Jikoni hakuna anayegawa kwa mizani. Gramu 10 za bangi yenye asilimia 15 ya THC zina miligramu 1,500. Hata nusu ikipotea motoni, robo kilo ya siagi inabaki na miligramu 750. Kijiko kimoja kikubwa cha gramu 14 kitakuwa na miligramu 42. Canada, iliyohalalisha vyakula vya bangi mwaka 2019, iliweka kikomo cha miligramu 10 kwa pakiti nzima. Na hapo ni iwapo siagi imechanganyika sawasawa, jambo ambalo sufuria ya nyumbani haihakikishi.

Anayeumia mara nyingi si aliyepika. Siagi ya bangi kwenye jokofu ni siagi tu machoni pa mfanyakazi wa ndani anayejipakia mkate asubuhi, au mtoto anayemalizia viporo baada ya shule. Mtoto anaweza kupata usingizi mzito usio wa kawaida, kuyumba, kutapika au kupumua kwa shida. Hakuna dawa mahususi ya kuizima THC. Wahudumu wa afya humwangalia mgonjwa, wakifuatilia pumzi na mapigo ya moyo hadi nguvu yake iishe.

Hapo ndipo sheria na afya hukutana vibaya. Mwenye nyumba anayeogopa miaka 20 anaweza kumwambia daktari kwamba mtoto alikula chakula kilichochacha, na daktari akaanza kutafuta malaria, homa ya uti wa mgongo au sumu ya panya, saa zikiyoyoma. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kufikishwa hospitali mara moja, na daktari aambiwe ukweli wa kilicholiwa, kiasi chake na saa kilipoliwa.