Kushindwa karatani ukiwa mbele: hatari iko katika nusu saa inayofuata

Kijana mmoja wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa ofisini hapa Nairobi, alinijia kliniki akilalamikia maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 150 kwa 96. Havuti sigara, na pombe hunywa kwa nadra. Nilipomwuliza hulala saa ngapi, aliinamisha uso.

"Daktari, nikuambie ukweli. Usiku nacheza poka kwenye intaneti."

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, katika poka inayochezwa sana siku hizi kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote. Mwenye mpangilio bora wa karata tano ndiye mshindi. Katika mashindano, kila mmoja hulipa kiingilio na kupewa tokeni za kuchezea. Zikiisha, ametoka.

Mgonjwa wangu alikuwa amepata ree mbili, yaani karata mbili za A, ambazo hakuna za kuanzia zilizo bora kuliko hizo. Mpinzani asiyemjua, wa nchi asiyoijua, alifuata dau lake kubwa akiwa na karata ambazo mtu makini angezitupa. Karata ya mwisho mezani ikamwokoa mpinzani huyo. Saa nne za subira zikaishia hapo. Kwa hasira, kijana akalipia mashindano mengine, halafu mengine, hadi alfajiri. Fedha zilizokwenda zilikuwa karo ya mtoto wake.

Hebu tafakari jambo hili, msomaji. Kiingilio cha mashindano ya kwanza kilikuwa shilingi elfu moja tu. Ree mbili hazikuila karo. Karo ililiwa na saa zilizofuata, alipokuwa akicheza na mwili uliojaa ghadhabu.

Hesabu haina huruma wala uonevu

Mgonjwa wangu alisadiki kwamba alikuwa ameonewa. Lakini ree mbili zikikutana na wafalme wawili, hushinda takriban mara 82 kwa 100. Maana yake ni kwamba mara 18 zitashindwa, na hakuna aliyekosea.

Chukua mfano mwingine. Mpinzani ana karata mbili za kopa, na kati ya nne zilizokwisha kufunuliwa mezani, mbili ni za kopa. Anahitaji kopa moja tu akupite. Karata asizoziona ni 46, na 9 kati yake ni kopa. Nafasi yake ni kama moja kwa tano. Si kubwa, lakini hata sisi madaktari tukimwambia mgonjwa kwamba mtu mmoja kwa watano hupata madhara ya dawa fulani, hashangai sana yakimpata.

Kisha kuna hesabu ya mashindano yenyewe. Ili ufike mbali, hulazimika kuweka tokeni zako zote hatarini mara kadhaa. Tuseme umefanya hivyo mara tano, na kila mara ulikuwa na nafasi nzuri ya asilimia 80. Uwezekano wa kuvuka zote tano ni kama asilimia 33. Kwa hiyo hata mchezaji hodari, aliyefanya uamuzi sahihi kila mara, atatolewa mara mbili kwa tatu. Huo si mkosi bali ndio mchezo ulivyo.

Wala karata hazina kumbukumbu kwamba zina deni lako. Mwaka 1913 katika nyumba ya kamari ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoteza fedha nyingi kwa kuweka dau kwenye nyekundu, wakiamini kwamba zamu yake imefika.

Kinachotokea mwilini

Mbona basi inauma hivyo? Ubongo hutarajia. Ukiona ree mbili, tayari umekwisha kuhesabu ushindi. Uchunguzi wa mwanasayansi Wolfram Schultz na wenzake katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba chembe za ubongo zinazotoa kemikali iitwayo dopamini hupunguza kazi ghafla pale tuzo iliyotarajiwa inapokosa kufika. Yaani kukosa ulichokuwa umekitarajia ni pigo zaidi ya kukosa tu. Daniel Kahneman na Amos Tversky nao walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi utamu wa kupata kiasi kile kile.

Mwili hautofautishi karata na simba. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hudunda mbio, mishipa hukaza na shinikizo la damu hupanda. Homoni nyingine, kortisoli, hupanda polepole na kufikia kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Katika hali hiyo, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima mambo kwa utulivu, hulegea.

Sasa linganisha. Kwenye meza ya kawaida, ambako mtu anachanganya karata kwa mikono, huchezwa raundi kama 30 kwa saa. Kwenye intaneti huweza kuchezwa 60 au zaidi kwa meza moja, na wengine hufungua meza nne kwa pamoja. Kwa hiyo kabla kortisoli haijaanza kushuka, umekwisha kufanya maamuzi thelathini au zaidi ya fedha ukiwa katika hali ya vita. Wachezaji huiita hali hii tilti, jina lililotokana na mashine za kale za kuchezea mpira, ambazo zilijifunga zenyewe mtu akizitikisa kwa hasira. Laiti nasi tungejifunga!

Ongeza usingizi. Mashindano mengi makubwa hupangwa kwa saa za Ulaya na Marekani. Saa kumi na mbili jioni ya New York ni saa saba au saa nane za usiku hapa kwetu, kutegemea majira. Mtu aliyenyimwa usingizi hukasirika upesi, hukadiria hatari vibaya, na presha yake huelekea kupanda.

Usimchukie anayefuata ovyo

"Mjinga yule angetupa karata zake, ningeshinda," aliniambia kijana. Nilimjibu kwamba huyo anayefuata dau ovyo ndiye anayewalisha wachezaji makini. Akifuata mara tano kwa nafasi ya moja kwa tano, mara nne anakuachia tokeni zake. Ukitaka asifuate kabisa, umekataa hizo nne kwa sababu ya ile moja. Kumtukana kwa maandishi mezani kunamfundisha acheze vizuri zaidi, na wewe kunakupandisha presha.

Nami nina fundisho la kitabibu hapa. Ninapompa mgonjwa dawa inayofaa kwa kipimo kinachofaa, na bado asipone, sijiulizi tu kama alipona. Najiuliza: kwa yale niliyoyajua siku ile, nilichagua vyema? Mchezaji naye ajiulize hivyo. Ikiwa jibu ni ndiyo, hakuna la kulipiza.

Ufanye nini?

Kwanza, weka kikomo kabla ya kuanza, siyo baada ya kushindwa. Amua idadi ya mashindano na kiasi cha fedha, ukiandike. Karo, kodi ya nyumba na akiba ya chama visikae kwenye simu unayochezea.

Pili, ukipigwa ukiwa mbele, inuka. Usiingie mashindano mengine kwa muda wa nusu saa. Tembea, kunywa maji, vuta pumzi polepole, kama mara sita kwa dakika, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa husaidia moyo kutulia.

Tatu, andika raundi ile na uipime kesho yake mchana. Likionekana kosa lako, jifunze. Lisipoonekana, ifute.

Nne, usichanganye poka na pombe, na usicheze usiku wa kuamkia siku ya kazi.

Tano, kumbuka kwamba mwenye jukwaa hukata sehemu yake katika kiingilio. Kwa hiyo wachezaji wenye uwezo sawa, wakicheza muda mrefu, wote hupungukiwa. Hii si njia ya kulipa madeni.

Mchezo ukigeuka maradhi

Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi yatokanayo na tabia za uraibu, katika mwongozo ulioanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu kuu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza kamari mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana wazi. Ukijiona unacheza ili urudishe ulichopoteza, unakopa kwa siri, au unamdanganya mwenzio nyumbani, usingoje.

Kuna tiba. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mazoea imewasaidia wengi. Mwone daktari wako, naye atakupeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili. Hapa Nairobi iko Hospitali ya Mathari, na hospitali nyingi kubwa za kaunti zina idara hiyo. Na ikiwa umefikia mahali pa kufikiria kujitoa uhai, nenda hospitali leo hii, ukisindikizwa na mtu unayemwamini. Deni hulipika.

Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, kwa hiyo nilimwomba kijana arudi. Alirudi baada ya wiki sita. Presha ilikuwa 134 kwa 86, si nzuri sana lakini imeshuka. Alikuwa amemweleza mkewe yote. Hilo, alisema, lilikuwa gumu kuliko kushindwa na karata yoyote. Karo wanailipa kidogo kidogo. Bado hucheza Jumamosi mchana, mashindano mamoja tu, kisha huzima simu.

"Na ree mbili zikishindwa?" nilimwuliza.

"Naenda kumtembeza mtoto," akanijibu.