Je, Wajua? Ukiifungua Kanzidata, Ifunge

Tangu Mwaloni Kirumba hadi zahanati za Ukerewe, malipo na takwimu sasa hukaa kwenye kanzidata. Programu ikifungua muunganisho bila kuufunga, mfumo huelemewa kidogo kidogo hadi ugome. Vijana wa Mwanza mnaoandika programu, haya yanawahusu.

Je, wajua kwamba…

• Simu ya Android ya mchuuzi wa dagaa hutunza meseji zake za malipo katika kanzidata ya SQLite? Programu ya simu isipoyafunga matokeo iliyokwisha kuyasoma, hushikilia kumbukumbu bure.

• DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya Tanzania hukusanyia takwimu za vituo vya afya, hutumia kanzidata ya PostgreSQL? Kikomo cha kawaida cha PostgreSQL ni miunganisho 100, na 3 kati yake hutengewa msimamizi. Nafasi zikijaa, anayekuja hukataliwa, hata kama waliotangulia hawafanyi lolote.

• MySQL, isipobadilishwa mipangilio, huvumilia muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800? Huo ni muda wa saa 8 nzima.

• Tangu Julai 2011, Java toleo la 7 ina namna ya kuandika inayofunga muunganisho yenyewe, hata kosa likitokea katikati ya kazi?

• Katika Python, ukitumia “with” kwenye muunganisho wa SQLite, muamala huthibitishwa au hubatilishwa, lakini muunganisho hubaki wazi? Sharti uufunge mwenyewe kwa “close”.

• Kwa kanuni za Python kuhusu kanzidata, za mwaka 1999, ukifunga muunganisho kabla ya kuthibitisha muamala, ulichoandika hubatilishwa? Kilo za sangara ulizoingiza hutaziona tena.

• PHP hufunga miunganisho ya kawaida hati inapomaliza kazi, ila ile ya kudumu huiacha wazi?

• Kwa HikariCP, hifadhi ya miunganisho kwa programu za Java, kufunga ni kurudisha, kama mtumbwi unaorejeshwa mwaloni ili mvuvi mwingine autumie? Kwa kawaida hutunza miunganisho 10. Yote isiporudishwa, anayeomba wa 11 husubiri sekunde 30, kisha hupata kosa.

Andika amri ya kufunga palepale unapoandika ya kufungua. Kisha ijaribu programu yako kwa kosa la makusudi, kabla haijafika mikononi mwa muuguzi wa Ukerewe.