Mali Iliyo Chini ya Ardhi: Falsafa ya Uhuru wa Mtu Binafsi Ikitazamwa Kutoka Maganzo

Katika makala hii twajaribu kueleza mafundisho ya wale waitwao walibertari, na kuyapima. Kwao, mtu ni mmiliki wa nafsi yake. Alichokipata kwa kazi au kwa mapatano ya hiari ni chake. Nayo serikali haina haki ya kukigusa isipokuwa kwa kadiri inavyohitajika kuwalinda raia dhidi ya jeuri, wizi na udanganyifu. Hivyo kodi huiona kuwa namna ya kulazimisha kazi, biashara hutaka iachwe huru, na kuhusu mataifa ya nje hushauri kufanya biashara na wote bila kuingia vita visivyo vya kujilinda. Robert Nozick wa Marekani aliyaeleza hayo kwa ustadi mwaka 1974.

Mafundisho ya namna hii hupimwa vema penye mali. Basi tuangalie Maganzo, mji mdogo mkoani Shinyanga ulio jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi hapo mwaka 1940. Alipofariki mwaka 1958 mgodi uligawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya kikoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitaifishwa. Mwaka 1994 De Beers ilirudi na asilimia 75. Mwaka 2009 nafasi yake ikachukuliwa na Petra Diamonds. Msomaji ataona kwamba mapatano haya yote yalikuwa baina ya serikali na makampuni.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 huyaweka madini yote mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Mkulima ana mtama wake na nyumba yake, lakini kilicho chini ya jembe lake si chake. Hapa mlibertari hulalamika kwamba serikali ni mwenye mali, mtoza ushuru na mwamuzi kwa wakati mmoja, nasi twaona lalamiko hilo lina uzito. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na soko la madini likafunguliwa Geita mwezi Machi. Dhahabu iliyokuwa ikipita njia za magendo ilianza kuonekana katika vitabu. (Hata hivyo mlibertari hatashangilia kabisa, maana mchimbaji anaamriwa auzie sokoni humo.)

Lakini hoja yao ina ncha mbili. John Locke, ambaye wanamtegemea, alifundisha kwamba kitu kisicho na mwenyewe huwa mali ya yule anayekichanganya na kazi yake. Je, haki ya Williamson ilitoka wapi? Ilitokana na leseni ya serikali ya kikoloni, si na ridhaa ya Wasukuma waliolima na kuchunga pale. Anayetetea mali ya kampuni kwa jina la uhuru anatetea kipawa cha dola. Nozick mwenyewe alikubali kwamba dhuluma ya kale hudai kurekebishwa, ila kipimo cha kurekebisha hakukifafanua.

Swali hili si la darasani tu. Vijana waitwao wabeshi huingia mgodini usiku kutafuta mchanga wenye almasi, na walinzi huwazuia. Kazi ya mlinzi ndiyo hasa kazi pekee ambayo walibertari wanaiachia dola. Mwezi Mei 2021 Petra ilitangaza kuyamaliza madai ya watu 71, waliodai kutendewa ukatili kuhusiana na ulinzi wa mgodi huo, kwa suluhu ya pauni milioni 4.3, bila kukiri dhima. Suluhu hiyo ilihusu madhara waliyodai kuyapata. Juu ya mwenye haki ya almasi haikusema neno.